Tuliomtazama Shadrack Chaula



Likizo ya katikati ya mwaka 2024 sisi mafrateri wa falsafa tunaotoka majimbo ya Mbeya, Iringa na Mafinga tulikuwa tumetawanyika, kila mmoja kwao. Kuna aliyekuwa akisaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kuna aliyekuwa shambani akivuna viazi na mama yake, kuna aliyekuwa amelala tu kwa sababu mitihani ilikuwa imemchosha. Kilichotuunganisha kilikuwa kundi la WhatsApp la darasa. Huko ndiko video ilikoingia, usiku, bila maelezo yoyote zaidi ya vikatuni vitatu vya kucheka hadi machozi.

Wengi wenu mliiona. Kijana wa Mbeya anachoma picha ya Rais Samia Suluhu Hassan na kumtolea maneno makali, anajirekodi, anaiweka TikTok. Anaitwa Shadrack Chaula, mchoraji, mkazi wa kijiji cha Ntokela wilayani Rungwe, na wakati huo alikuwa na miaka 24. Ni rika letu. Ntokela wengine wetu tunaipita kila tunapokwenda nyumbani: iko barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, kwenye ukanda ule wa baridi na viazi, ambako hata mwezi Julai mchana unaona watu wamejifunga mablanketi.

Tulicheka. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani tunaandika tukiwa juu ya mti tukiwatazama wengine chini. Mmoja wetu alitengeneza stika. Mwingine aliipeleka kwenye kundi la kwaya ya parokia yao. Kabla ya kulala video ilikuwa imefika Njombe na Dodoma kwa mikono yetu sisi, watu tunaojiandaa kuwa mapadre. Kama alikuwepo aliyeuliza kama maneno yale ni halali kumwambia mtu yeyote, achilia mbali mama mwenye umri wa mama zetu na mwenye mamlaka juu ya nchi, basi alijiuliza kimoyomoyo. Na kama alikuwepo aliyeuliza huyu kijana yatampata nini kesho asubuhi, naye pia alinyamaza.

Yaliyompata yanajulikana. Tarehe 4 Julai 2024 mahakama wilayani Rungwe ilimhukumu kwenda jela miaka miwili au kulipa faini ya shilingi 5,000,000. Kosa lilikuwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kusambaza taarifa za uongo. Alikuwa amekiri. Iliandikwa kwamba alipoulizwa kwa nini asipewe adhabu kali, hakujibu kitu. Mawakili kadhaa walisema hadharani kwamba hawaioni sheria inayokataza kuchoma picha ya Rais.

Hapa wanafalsafa tulipata la kubishania. Aristotle ametufundisha kwamba si kila tamko ni la kweli au la uongo; sala, kwa mfano, ni tamko, lakini hakuna anayeweza kusema sala hii ni ya uongo. Tukaulizana mezani: je, tusi ni la kweli au la uongo? Na picha inayoungua je? Moto una uongo gani? Ulikuwa mjadala mzuri, tulipoza chai. Ila tulijadili kesi ya kijana wa Rungwe kama tunavyojadili kesi ya Sokrate, mtu aliyekufa zamani huko Athene, ambaye hatuna wajibu wa kumpelekea hata sabuni gerezani.

Watu wengine walikuwa na akili zaidi yetu. Waliitisha mchango mtandaoni. Milioni tano ni fedha nyingi kwa mchoraji wa kijijini, lakini zikigawanywa kwa watu elfu kadhaa ni buku buku tu. Fedha zilipatikana kwa siku chache, faini ikalipwa, kijana akatoka. Baadhi yetu tulichanga. Wengine hatukuchanga, na sababu yetu haikuwa msimamo wa kimaadili juu ya matusi. Sababu ni kwamba ukituma fedha kwa simu, jina lako lote matatu linatokea kwa anayepokea.

Halafu, tarehe 2 Agosti 2024, akachukuliwa. Baba yake alieleza kwamba watu asiowafahamu walimchukua mwanae. Polisi mkoani Mbeya walisema taarifa wameipokea na wanaifuatilia. Mashirika ya haki za binadamu ya ndani na nje yameliweka jina lake kwenye orodha ya waliopotezwa mwaka ule. Hatujasoma popote kwamba amerudi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp habari ile ilikaa bila kikatuni hata kimoja. Kuna aliyeandika "Mungu amsaidie". Chini yake ikafuata ratiba ya kurudi seminarini na orodha ya vitu vya kuleta.

Tumekuwa tukijiuliza kwa muda sasa ni kitu gani hasa kilitokea kati ya kicheko cha Juni na ukimya wa Agosti, na tunadhani tusipokiangalia chombo chenyewe hatutaelewa. TikTok ni mali ya kampuni ya ByteDance ya Beijing, na namna inavyofanya kazi ni tofauti na mitandao tuliyoizoea. Zamani ulihitaji wafuasi ili uonekane. Humu huhitaji. Programu inakutupia video za watu usiowajua, inapima umekaa sekunde ngapi, kisha inaamua ikupe ipi ifuatayo. Kinachomfanya mtu asimame na kutazama ndicho kinachopandishwa, na hakuna kinachomsimamisha mtu kama ugomvi. Mtoto wa kijijini asiye na wafuasi anaweza kulala hajulikani, akaamka nchi nzima inamjadili. Ukirusha mubashara, watazamaji wanakununulia zawadi za vikatuni, waridi au simba, nazo zinageuka fedha, kampuni ikibaki na sehemu yake. Kwa hiyo kuna mtu anayelipwa kila tunapokasirika na kila tunapocheka. Sisi tunalipa kwa bando na kwa usingizi.

Huko China kurusha mubashara ni kazi kamili yenye mabwana wakubwa. Maarufu kuliko wote huenda ni Li Jiaqi, aliyeanza kama muuzaji wa vipodozi dukani katika jiji la Nanchang. Mwaka 2018 aliuza rangi za mdomo 15,000 ndani ya dakika tano, na toka hapo wakamwita mfalme wa rangi za mdomo. Usiku wa tarehe 3 Juni 2022, mkesha wa kumbukumbu ya mauaji ya Tiananmen ya mwaka 1989, katika kipindi chake ilionekana keki ya barafu yenye umbo la kifaru. Matangazo yakakatika. Hakuonekana tena hadi tarehe 20 Septemba, akarudi kuuza kama kawaida, hakuna aliyeeleza neno. Mwaka uliofuata aliingia kwenye matata mengine alipomjibu vibaya mteja aliyelalamika kwamba wanja wa yuan 79 ni ghali, akimwambia ajiulize kama amefanya kazi kwa bidii. Watu walimjia juu, akalia mbele ya kamera na kuomba radhi.

Kwa nini tunamtaja muuza vipodozi katika gazeti la seminari? Kwa sababu ya miezi ile mitatu na nusu. Vijana wengi wa China waliozaliwa baada ya 1989 hawakuwa na habari ya kifaru wala uwanja. Walipoona skrini imezimika ndipo walipoanza kuulizana: ameenda wapi? Kifaru kina nini? Watu waliokuwa wakimfuata kwa ajili ya rangi za mdomo walijikuta wakiuliza swali ambalo wazazi wao hawakuthubutu kuwajibu. Uliza yao ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu tuliyekuwa tukimwona jana, leo hatumwoni. Sisi kwetu mtu tuliyemwona sote alipotoweka, tuliteleza kidole tukaenda video inayofuata. Na yule wa China alirudi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika ile sehemu ya Summa anapoeleza makosa ya ulimi, anatofautisha tusi na masengenyo. Tusi unamtupia mtu usoni ili kumvunjia heshima. Masengenyo unayafanya mgongoni ili kumharibia jina. Video ya Ntokela inatatanisha mgawanyo huu, maana kijana anasema kama vile anayemtukana yuko mbele yake, kumbe mbele yake kuna simu tu. Vyovyote iwavyo, tusi lenye nia ya kumdhalilisha mtu Thomas analiita dhambi ya mauti, na hatuna sababu ya kumpinga. Tusidanganyane kwa sababu ya huruma. Maneno yale yalikuwa mabaya. Hasira ya umaskini inaeleweka, na kukosoa serikali ni haki ya raia iliyoandikwa katika Ibara ya 18 ya Katiba yetu, lakini kumtukana mtu si kumkosoa, na Rais ni mtu.

Lakini Thomas haishii kwa msemaji. Anauliza swali ambalo katekisimu zetu za utotoni hazikuliuliza: je, anayesikiliza masengenyo bila kukemea, anatenda dhambi? Jibu lake limetukalia kooni. Anayemchochea msengenyaji, au anayefurahia kusikia kwa sababu anamchukia anayesengenywa, hana dhambi ndogo kuliko msemaji, na pengine anayo kubwa zaidi. Na yule asiyefurahia, ila ananyamaza kwa woga au uzembe au aibu, naye anakosa, ingawa kosa lake ni jepesi zaidi, isipokuwa kama nafasi yake inamdai aseme.

Thomas hakuwahi kuona simu, lakini amepanga viti vyetu vyote. Wapo waliomchochea kwenye maoni, wakimwambia aongeze. Wapo waliofurahia kwa sababu hawaipendi serikali, na wengine waliofurahia kukamatwa kwake kwa sababu wanaipenda. Wapo walioona aibu na kunyamaza. Sisi tulikaa kwenye viti zaidi ya kimoja. Tulishiriki tusi kwa kulisambaza, tukamcheka mtukanaji kama mwehu, kisha mtukanaji alipofikwa na jambo kubwa kuliko tusi lake tukapata woga. Ile "nafasi inayodai aseme" ndiyo inayotusumbua zaidi. Watu wanatuita mafrateri. Bibi mmoja kule parokiani anatupa kiti cha mbele kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, na tunakikalia.

Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo yake habari za rafiki yake Alipio. Kijana huyu alikuwa anasoma sheria Roma na alichukia michezo ya kuuana uwanjani. Wenzake wakamburuta kwa utani. Akasema mtaupeleka mwili wangu, macho yangu hapana, akakaa amefumba. Kisha mtu akaanguka uwanjani, umati ukapiga kelele, Alipio akafumbua macho ili aone tu na adharau. Augustino anasema alijeruhiwa rohoni vibaya kuliko yule aliyejeruhiwa mwilini. Tangu hapo akawa wa kwanza kwenda na kuwavuta wengine. Tunachopenda katika hadithi hii ni kwamba kilichomshinda Alipio hakikuwa damu. Ilikuwa kelele za umati. Hakutaka kubaki peke yake asiyejua wenzake wameona nini. Yeyote aliyewahi kuamka akakuta ujumbe 214 kwenye kundi anaelewa. (Alipio alikuja kuwa askofu wa Thagaste, kwa hiyo tusikate tamaa mapema.)

Ila uwanja ule wa Roma ulikuwa na jambo moja ambalo wetu hauna: mtu alipoanguka, watazamaji walimwona ameanguka.

Tunakumbuka kamera nyingine, na hii ni ya upande wa Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, pale Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, alikuwa kazini akifuatilia shughuli ya CHADEMA. Polisi walipotawanya watu, alizingirwa, akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Wale wetu wa Mufindi tunakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Mwangosi alizikwa kwao Rungwe. Wilaya ileile.

Picha zilizopigwa na wenzake pale Nyololo, zikimwonyesha katikati ya askari, zilienea nchi nzima, na hakuna aliyeweza kusema haikutokea. Kesi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda: Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wako waliosema adhabu haitoshi, wako waliosema askari mmoja hakuwa peke yake. Lakini kulikuwa na mwili, kaburi, mshtakiwa mwenye jina, jaji na hukumu. Mjane na watoto walijua pa kuweka maua.

Mwangosi aliielekeza kamera kwa wengine, kwa kazi. Chaula aliigeuza kamera ikamtazama yeye, kwa hasira, na hatuwezi kuwaweka mizani moja kana kwamba wote walikuwa wakifanya jambo lilelile. Mmoja alikuwa mwandishi, mwingine alikuwa kijana aliyekasirika mwenye simu. Hata hivyo haki ya kutotoweka haitolewi kwa mwandishi ikanyimwa mtukanaji. Hapa ndipo tunapogombana na baadhi ya wenzetu, na hata baadhi ya wazazi wetu.

Wanasema: amejitakia. Tumelisikia hili mara nyingi, tena kutoka kwa watu wanaosali rozari kila jioni. Tunajibu hivi. Alichojitakia kilipimwa. Mahakama iliketi, ikasikiliza, ikataja bei: miaka miwili au milioni tano. Mtu anaweza kuona bei ilikuwa kubwa mno au ndogo mno, lakini ililipwa, kwa shilingi za Watanzania wengi, mbele ya macho ya watu wote. Deni likishalipwa mahakamani, anayekuja kudai tena ni nani? Hata kama hatumjui, tunajua hakutumwa na mahakama. Hakuna sheria ya nchi hii, hata zile kali tusizozipenda, inayosema mtukanaji achukuliwe na watu wasiojulikana. Huko Uganda, mwezi uleule wa Julai 2024, kijana mwingine wa miaka 24, Edward Awebwa, alifungwa miaka sita kwa video za TikTok za kumtukana Rais Museveni na familia yake. Ni adhabu ya kutisha. Lakini ndugu zake walijua yuko gereza gani na waliweza kuhesabu siku. Tumefika mahali pa ajabu kama tunaanza kuona hilo ni afadhali.

Wengine wanasema: frateri akae mbali na siasa. Ushauri huu tunaupokea kwa heshima, maana mara nyingi anayetupa anatupenda. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 27, unapoorodhesha mambo yanayomdhalilisha binadamu, unataja mauaji, mateso ya mwili na ya akili, watu kufungwa bila haki, na unasema mambo hayo yanamchafua zaidi anayeyatenda kuliko anayetendewa. Hilo ni somo letu la darasani. Maaskofu wetu nao wamekemea utekaji hadharani. Kama kuuliza mtu aliyepotea yuko wapi ni siasa, basi Mungu alikuwa wa kwanza kufanya siasa pale alipomuuliza Kaini habari za ndugu yake.

Ipo pia hoja ya jina, ambayo wahubiri hawawezi kuiacha: Shadraka wa kitabu cha Danieli, sanamu ya mfalme, moto. Tumeshasikia mahubiri mawili ya vijana juu yake na tunaomba yasizidi. Shadraka wa Babeli hakuchoma sanamu ya Nebukadreza wala hakumtukana. Alikataa kuiabudu, na alimjibu mfalme kwa adabu. Kumfanya Chaula shahidi wa imani kwa sababu ya jina ni kumtumia tena kama tulivyomtumia kwenye stika, safari hii kwa ajili ya mahubiri. Lipo jambo moja tu kwenye sura ile ambalo tunadhani linatuhusu, nalo ni mfalme mwenyewe. Baada ya kuwatupa watu watatu tanuruni, aliinuka akaja kuchungulia, akahesabu. Akasema aliowatupa ni watatu, mbona anaona wanne. Hata Nebukadreza alihesabu watu wake.

Tunajua tunachokiomba si rahisi. Padre aliye peke yake parokiani, mwenye shule na zahanati za kuendesha, anafikiri mara mbili kabla ya kutaja jina altareni, na sisi tunaokula chakula cha seminari bila bili hatuna haki ya kumfundisha ushujaa. Katekista wa kigango ana mke na watoto. Hata makala hii tuliandika tukiwa kumi na moja, tukabaki saba, na wanne waliotoka hatukuwalaumu. Mmoja wao alitusaidia kusahihisha lugha.

Kwa hiyo tumeanza na lililo ndani ya uwezo wetu. Lile kundi la WhatsApp bado lipo. Tumekubaliana, baada ya mabishano marefu kuliko yalivyostahili, kwamba hatutatuma tena video ya mtu anayejiharibia, awe amelewa, awe amepagawa, awe anamtukana mkubwa au mdogo, na mtu akiituma, wa kwanza kuiona anamjibu kwa kuuliza: "Huyu ni nani, na yuko wapi sasa?" Imefanyika mara tatu. Mara mbili kundi lilinuna. Mara ya tatu ilikuwa video ya binti wa Mafinga akigombana na mchumba wake mubashara, na ikagundulika kwamba ni binamu wa mmoja wetu, ambaye alikuwa ameona kila mtu akicheka na hakusema kitu.

Na lipo jambo la sala. Katika jumuiya zetu tunawaombea wagonjwa kwa majina, wasafiri kwa majina, hata ng'ombe aliyeibwa anatajwa ni wa nani. Ijumaa Kuu Kanisa linawaombea wasiomwamini Kristo na wasiomwamini Mungu, linawaombea wafungwa na wasafiri, halimuulizi mtu kadi ya ubatizo. Tangu Agosti 2024 hatujawahi kusikia jina la kijana wa Ntokela kwenye sala za waamini mahali popote tuliposali, na sisi wenyewe tumeziandika sala hizo mara nyingi, zamu kwa zamu.

Dominika ijayo zamu ni ya darasa letu. Rasimu imekaa mezani tangu Jumanne. Ombi la nne kwanza liliandikwa "kwa ajili ya wote waliopotea". Mtu akalikata, akaandika "kwa ajili ya Shadrack na wazazi wake". Mwingine akalikata hilo akarudisha la kwanza, na pembeni akaandika kwa penseli kwamba hata mama yake ataisikia Misa hiyo. Leo asubuhi tumekuta jina limerudishwa, kwa mwandiko ambao hakuna aliyekubali kwamba ni wake. Kesho baada ya Masifu ya Jioni karatasi inapelekwa kwa Gombera kama kawaida.